SOMO: KUTENGA MTANDAO WA OFISI YA TAWI KWA RUTA YA NYUMBANI



Somo la leo linahusu kitu ambacho sasa kimo katika ofisi nyingi za matawi, nacho hakitazamwi na mtu mpaka siku kinapozimika. Ni kile kisanduku kidogo chenye taa na antena kinacholeta intaneti. Wengi wetu tunakiita "waifai" tu, lakini jina lake ni ruta. Tutaeleza jinsi ruta moja ya pili, ya aina ile ile ya bei ndogo inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani, inavyoweza kuigawa ofisi sehemu mbili: daftari la wanachama na majalada ya mashauri yakae upande mmoja, na simu za wageni zikae upande mwingine.

Nitaanza na kisa chetu wenyewe, maana ndicho kilichotufundisha.

Tawi letu lipo katika mashamba ya chai magharibi ya Uganda. Ofisi ni vyumba viwili na baraza. Tuna kompyuta tatu: ya katibu, ya mweka hazina, na moja ya zamani inayotumiwa na wajumbe wa kamati. Ruta ilikuwa moja, tuliyopewa na kampuni ya simu, na neno la siri la waifai lilikuwa limeandikwa ukutani kwa chaki. Siku ya mshahara wachumaji walikuja barazani kutazama malipo yao katika simu, nasi tuliona ni vizuri wajue kwamba ofisi ni yao. Katika kompyuta ya katibu kulikuwa na folda ya mashauri, nayo ilifunguliwa kwa mtandao ili mweka hazina aweze kuisoma akiwa chumba cha pili bila kubebana na flashi.

Siku moja alikuja kijana wa kiwandani, mwanachama, na kompyuta yake ya mkononi, akitaka kutuma maombi ya masomo. Alipobonyeza mahali panapoonyesha kompyuta nyingine zilizo karibu, akaiona ile folda. Akaifungua. Karatasi ya kwanza aliyokutana nayo ilikuwa maelezo ya mama mmoja mchuma chai aliyemshtaki msimamizi wake kwa jambo la kumvunjia heshima. Kijana yule aliifunga, akaenda kwa katibu, akamnong'oneza. Alikuwa mtu mwema. Lakini barazani walikuwa wamekaa watu zaidi ya kumi, kila mmoja na simu yake ndani ya mtandao ule ule, na mmoja wao alikuwa shemeji wa yule msimamizi.

Hakuna aliyevunja mlango. Hakuna aliyeiba neno la siri. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyotengenezwa, na hapo ndipo penye fundisho.

Ruta ya nyumbani imetengenezwa kwa ajili ya familia. Inachukulia kwamba kila aliyepewa neno la siri ni mtu wa nyumbani. Kwa hiyo televisheni huiona simu, simu huiona printa, na kompyuta ya baba huiona kompyuta ya mtoto. Nyumbani jambo hili ni raha. Ofisi ya chama haiko hivyo. Ndani yake mna majina ya watu waliojiunga na chama ambao mwajiri hajawajua bado, mna namba za simu zao, michango yao, maelezo ya mashahidi, na pengine mipango ya mazungumzo ya mkataba. Tunapomwalika mgeni katika waifai ile ile, tunamweka katika chumba kimoja na mambo hayo yote.

Matajiri nao wameanguka katika shimo hili, tena kwa hasara kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2013 kampuni ya maduka ya Target huko Marekani iliibiwa habari za kadi za malipo zipatazo milioni 40. Wezi hawakupitia mlango wa mbele. Walitumia kibali cha fundi wa nje aliyekuwa akishughulikia mitambo ya kupoza na kupasha hewa joto, na kutoka hapo wakafika hadi kwenye mashine za kulipia za madukani. Tarehe 12 Mei 2017 vilienea virusi vilivyoitwa WannaCry, ambavyo vilifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili yafunguliwe. Virusi hivyo havikungoja mtu abonyeze kitu. Vikishaingia katika kompyuta moja, vilijitafutia vyenyewe kompyuta nyingine katika mtandao ule ule zilizokuwa na kasoro, ingawa kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya kasoro hiyo tangu mwezi wa Machi. Hospitali za serikali za Uingereza zilipata taabu kubwa siku hizo. Mahali ambapo mtandao ulikuwa uwanja mmoja usio na ukuta, ugonjwa ulikimbia kama moto wa nyasi kavu.

Sheria nazo sasa zinatugusa. Uganda na Kenya zilipitisha sheria za kulinda habari za watu binafsi mwaka 2019, Zambia na Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Huko Ulaya, sheria iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inataja uanachama wa chama cha wafanyakazi miongoni mwa habari zinazohitaji ulinzi wa pekee, pamoja na habari za afya na dini. Sababu ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kuona mtu akihamishwa kambi kwa sababu jina lake limeonekana katika orodha.

Sasa tuingie kazini. Ili uelewe namna ya kutenga, ni lazima kwanza uelewe ruta inafanya nini. Wale waliokulia mashambani wanakumbuka Sanduku la Posta. Shamba zima lilikuwa na sanduku moja, na karani mmoja ofisini. Mfanyakazi akiandika barua kwao, anwani ya kurudishia jibu ni sanduku la shamba, wala si namba ya nyumba yake kambini. Jibu likija, karani hutazama ni la nani, akampelekea.

Ruta ndiye karani huyo. Kila kompyuta na kila simu iliyo ndani hupewa anwani ya ndani, kwa mfano 192.168.1.15. Anwani hizi hazijulikani nje. Mwaka 1996 wataalamu wa intaneti walitenga makundi matatu ya anwani za ndani: zinazoanza na 10, zile za 172.16 mpaka 172.31, na zile za 192.168. Ndiyo maana anwani ya kompyuta yako yaweza kufanana kabisa na ya jirani yako, na zisigongane, kama vile nyumba namba 5 zilivyo katika kila kambi. Kompyuta ya ndani ikituma ujumbe nje, ruta hufuta anwani ya ndani, huweka ya kwake, na huandika katika daftari lake: ujumbe huu umetoka kwa fulani, umekwenda kwa fulani. Jibu likirudi, hutazama daftari na kulipeleka. Lakini ukija ujumbe kutoka nje ambao hakuna mtu wa ndani aliyeuomba, karani hana mahali pa kuupeleka, naye huutupa.

Zingatia sana hapo, ndugu msomaji. Karani huyu ni mkali kwa wanaoingia, wala si mkali kwa wanaotoka. Anayetoka humpitisha bila swali, aende popote. Tabia hii moja ndiyo inayotuwezesha kujenga ukuta kwa kifaa cha bei ndogo, na tabia hiyo hiyo ndiyo iliyotuangusha sisi mara ya kwanza.

Maana mara ya kwanza tulikosea. Tulipopata ruta ya pili, iliyotumika, tulifikiri hivi: wageni ndio wabaya, basi tuwafungie ndani. Tukaiacha ruta ya kwanza na kompyuta za ofisi, tukaunga ruta ya pili nyuma yake, tukawapa wageni waifai ya ile ya pili. Majina mawili ya waifai, maneno mawili ya siri. Tukaridhika. Baada ya juma moja yule kijana, ambaye tulimwomba ajaribu tena, akakaa barazani, akaandika anwani ya kompyuta ya katibu, na folda ikafunguka kama zamani.

Kwa nini? Kwa sababu wageni sasa walikuwa nyuma ya karani wa pili, na karani huwaruhusu walio nyuma yake kutoka kwenda popote. Nje ya ruta ya pili kulikuwa ndiyo ofisi yetu. Kila mgeni aliyekwenda intaneti alipita sebuleni kwetu, na akitaka kugonga mlango wowote njiani hakuna wa kumkataza. Tuliyemfungia nje hasa ni sisi: ofisi haikuweza kuwafikia wageni, lakini wageni waliweza kuifikia ofisi. Tulijenga ukuta, tukakaa upande usiofaa.

Kwa hiyo kanuni ya ruta mbili ni hii: chenye thamani kikae nyuma ya ruta ya pili, na wageni wabaki kwenye ruta ya kwanza, ile iliyo karibu na intaneti. Hapo mgeni akijaribu kuifikia kompyuta ya katibu, atakutana na karani wa ndani ambaye atasema, hakuna aliyekuita. Wakati huo huo katibu anaweza kutoka, akapita ua wa wageni, akaenda intaneti bila taabu. Tulihamisha waya na majina, kazi ya nusu saa, na folda haikuonekana tena barazani.

Namna ya kufanya ni kama ifuatavyo. Tafuta ruta ambayo nyuma yake ina matundu manne yanayofanana na tundu moja lililotengwa, aghalabu la rangi nyingine, lenye maandishi ya WAN au Internet. Ruta yenye mahali pa laini ya simu peke yake, au ya kadi ya simu peke yake, huenda isifae kwa kazi ya ukuta wa ndani, maana haina tundu la kupokea waya kutoka ruta nyingine. Ikiwa imetumika, bonyeza kile kitundu cha kuirudisha katika hali ya kiwandani kwa sindano au waya mwembamba, uhesabu sekunde 10 au zaidi mpaka taa zibadilike. Hujui aliyekuwa nayo kabla yako aliweka nini.

Kabla ya kuiunga na kitu kingine chochote, unga kompyuta moja kwa waya katika mojawapo ya yale matundu manne. Geuza ruta chini uone kibandiko: pameandikwa anwani ya ukurasa wake wa mipangilio, jina la kuingilia na neno la siri la kiwandani. Fungua ukurasa huo, na jambo la kwanza kabisa, badili neno la siri la kuingilia mipangilio. Hili si neno la siri la waifai, ni lile la mwenye kuitawala ruta. Watu wengi hulisahau. Mwaka 2016 programu moja mbaya iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60, basi. Kwa orodha hiyo fupi iliteka kamera na ruta za watu kwa maelfu mengi, na mwezi wa Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa vidogo likatumiwa kuziangusha kwa saa kadhaa tovuti kubwa za Marekani.

Pili, badili anwani ya ruta ya ndani. Ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikiwa ruta zako mbili zina kundi moja la anwani, ya ndani itachanganyikiwa, kama karani aliyepewa kambi mbili zenye jina moja. Mara nyingi intaneti haitapita kabisa, nawe utadhani kifaa ni kibovu. Ipe ya ndani anwani kama 192.168.20.1. Ukishahifadhi, ukurasa utapotea, nawe utaufungua tena kwa anwani mpya.

Tatu, zima yasiyohitajika: kitufe cha kujiunga bila neno la siri, kinachoandikwa WPS, utawala wa ruta kutoka mbali, na ule utaratibu uitwao UPnP, unaoruhusu vifaa vya ndani kujitobolea milango bila kukuuliza. Ikiwa kompyuta za ofisi zote zinafikiwa na waya, zima hata waifai ya ruta ya ndani. Waya haupiti ukuta kwenda barazani. Kama ni lazima waifai iwepo, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na neno la siri refu, maneno manne au matano yasiyohusiana, si jina la chama na mwaka.

Nne, unga waya mmoja kutoka tundu lolote kati ya manne ya ruta ya kwanza, hadi lile tundu la WAN la ruta ya pili. Tundu la WAN, si jingine. Ukichomeka katika mojawapo ya manne, ruta ya pili haitakuwa ukuta tena. Itakuwa ni kama kipande cha waya chenye matawi, kila mtu atamwona kila mtu, na juu ya hayo makarani wawili watakuwa wakigawa anwani katika ua mmoja, na kompyuta zitapotea njia. Intaneti yaweza hata kuonekana inafanya kazi, ndiyo sababu kosa hili hukaa miaka bila kugunduliwa.

Tano, hamisha kompyuta za ofisi zije upande wa ndani, na katika kila kompyuta ufute kumbukumbu ya waifai ya zamani. Usiporuka hatua nyingine, usiruke hii. Kompyuta ina kawaida ya kurudi kwenye waifai inayoijua. Umeme ukikatika na kurudi, utaikuta imerudi kwa wageni, imeacha ukuta wote uliojenga. Afadhali waifai ya zamani nayo ipewe jina jipya na neno la siri jipya.

Halafu pima. Usiamini mpaka umejaribu. Wengine hutuma ile amri ya ping kutoka upande wa wageni, wakiona kimya husema kazi imekwisha. Kimya peke yake si ushahidi, kwa sababu kompyuta nyingi za Windows hukataa kuijibu hata zikiwa chumba kimoja na anayeuliza. Tafuta kwanza kitu kinachojibu ukiwa ndani: ukurasa wa ruta ya ndani, ukurasa wa printa, au folda iliyofunguliwa. Hakikisha unakiona ukiwa ndani. Kisha nenda barazani, zima data ya simu yako, ingia waifai ya wageni, na uandike anwani zile zile. Zikikataa zote, na intaneti inapita, ukuta upo. Rudia kipimo hiki kila baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu au fundi wa kampuni ya simu kuja, maana mafundi hupenda kuchomoa waya na kuurudisha tundu lililo karibu na mkono.

Printa huleta ubishi katika kila tawi. Ukiiweka upande wa wageni, wa ndani wataifikia, maana wanatoka bila kuzuiwa, na wageni pia wataifikia. Ni rahisi, na kwa tawi linalochapia wanachama barua za maombi inafaa. Lakini kila karatasi ya shauri utakayoichapa itapita katika ua wa wageni, na printa nyingi huhifadhi kumbukumbu ya kazi zilizopita. Sisi tuliamua printa ibaki ndani, na mwenye shida ya kuchapa alete faili kwa katibu. Kamera ya ulinzi na televisheni, kinyume chake, ziwekwe kwa wageni. Ni vifaa ambavyo mara nyingi havipati matengenezo ya programu kwa miaka, na havina haja yoyote ya kulijua daftari la wanachama.

Kuna tawi ambalo ofisi yake imo ndani ya uzio wa kiwanda na linatumia laini ya mwajiri. Hapo pana mambo mawili. Ruta ya ndani itazuia kompyuta za kiwanda zisiingie katika kompyuta za chama, na hilo ni jema. Lakini haizuii mwenye laini kuona mnakwenda wapi. Tovuti zenye alama ya kufuli hufunga maneno yaliyomo, kama bahasha iliyobandikwa, lakini nje ya bahasha pana anwani. Mkiwa katika mazungumzo ya mkataba, barua nyeti zitumwe kwa laini ya chama yenyewe, hata kama ni kwa bando la simu. Jambo la pili ni zito zaidi: msichomeke ruta yenu katika waya wa kiwanda bila ruhusa ya maandishi. Ikichomekwa tundu lisilo lake, itaanza kugawa anwani za uongo kwa mashine za kiwanda, mizani ya chai au mashine ya mahudhurio ikasimama, na mjumbe wenu akaitwa mbele ya nidhamu kwa kosa la kweli. Mwombeni mwajiri kwa barua, na nakala ibaki katika jalada.

Mpango wa ruta mbili una udhaifu wake, nami sitauficha. Ujumbe wote wa ofisi hupita katika ua wa wageni kabla ya kwenda nje. Mtu mjuzi na mwenye nia mbaya akikaa barazani anaweza kuvidanganya vifaa vya uani kwamba yeye ndiye lango, na ujumbe ukapitia mikononi mwake. Uliofungwa kwa kufuli hatausoma, usiofungwa atausoma. Kwa tawi lenye uwezo, dawa ni ruta ya tatu. Ruta ya kwanza huzimwa waifai, haikai na mtu yeyote, kazi yake ni kupokea intaneti na kuigawa kwa waya mbili: mmoja hadi tundu la WAN la ruta ya wageni, mwingine hadi tundu la WAN la ruta ya ofisi. Hapo kila upande una karani wake, na hakuna anayepita ua wa mwenzake. Mgeni akitoka hukuta ukuta wa ofisi kwa nje, na ujanja ule wa kujifanya lango hauvuki ruta.

Baadhi ya ruta mpya zina waifai ya wageni ndani yake, na kwa tawi dogo yaweza kutosha bila kununua kitu. Tazama tu kwamba kile kisanduku cha kuwaruhusu wageni kuona mtandao wa ndani hakikuwekewa alama, kisha pima kama tulivyoeleza. Jihadhari kwamba ikiwa ruta hiyo imeungwa nyuma ya nyingine, waifai yake ya wageni huweza kuwazuia wasione walio katika ruta hiyo, lakini isiwazuie kuona walio katika ile ya mbele. Ni kosa letu la kwanza limevaa nguo mpya. Wapo pia wanaotumia programu huru ya OpenWrt, iliyoanza mwaka 2004, kuigawa ruta moja ya nyumbani sehemu nyingi kwa utaratibu uitwao VLAN. Ni kazi nzuri kwa aliyejifunza, lakini ukikosea unaweza kukiua kifaa. Na kama kampuni ya simu inatoa anwani mpya ndefu za IPv6, fahamu kwamba hizo hazitegemei daftari la karani. Hakikisha ulinzi wa ruta ya ndani dhidi ya maombi ya kutoka nje umewashwa, au zima IPv6 katika ruta ya ndani.

Hata ukuta mzuri hauwezi kuzuia ugonjwa unaobebwa mkononi. Flashi ya mgeni ikichomekwa katika kompyuta ya mweka hazina, imekwisha ruka ukuta. Kompyuta ya mkononi ya mjumbe inayolala nyumbani na kuamka ofisini ni hivyo hivyo, sisi tumeamua itumie waifai ya wageni. Walio upande mmoja wa ukuta bado wanaonana, kwa hiyo folda ya mashauri tuliifunga kwa neno la siri hata huko ndani. Na nakala ya daftari la wanachama huandikwa kila Ijumaa katika diski inayochomolewa na kufungiwa kabatini.

Jambo la mwisho ni funguo. Fundi wetu kijana ndiye aliyejua maneno yote ya siri, naye akapata kazi mjini. Tulikaa majuma matatu bila kuweza kubadili lolote. Sasa maneno ya siri ya ruta zote mbili yameandikwa katika karatasi, ikatiwa katika bahasha, ikafungwa na kutiwa sahihi na mwenyekiti na mweka hazina, nayo imo katika sanduku la fedha. Ikifunguliwa, huandikwa katika kumbukumbu za kamati.

Maswali ya kujadiliwa tawini:

Chora ofisi yenu katika karatasi moja, kila kifaa na waya wake. Ni vifaa vingapi vinavyoweza kulifikia daftari la wanachama leo, na nani anavimiliki?

Tawi moja lina ruta mbili. Kamati inataka kompyuta moja ya wanachama kusomea masomo ya usalama kazini, na kompyuta hiyo pia itumike na mweka hazina jioni. Iwekwe upande gani? Kama wajumbe wamegawanyika, andikeni hoja za pande zote mbili mtuletee, tutazijibu katika ukurasa huu.

Mwajiri amejitolea kuwapa chama ruta mpya bure, tayari imewekewa mipangilio na fundi wake. Mtaipokea? Mkiipokea, mtaifanya nini kabla ya kuichomeka?